Ndege wa Kufungwa katika Sanaa: Maana Yake ni Nini?

Katika uchoraji na ushairi, ndege aliyefungwa ni alama ya kiumbe mwenye uwezo wa kwenda popote lakini kazuiwa. Ndiyo maana wasanii humtumia kumsemea mtumwa, mfungwa, mke asiye na kauli nyumbani kwake, hata roho iliyomo mwilini. Mbuzi wa kamba pale Igoma, Mwanza, naye kafungwa, ila hakuna anayemtungia shairi. Kinachotuchoma ni mabawa: yanaonyesha wazi alichonyimwa.

Mimi nikiitazama picha ya namna hii, kwanza natafuta kinachomshika ndege. Mwaka 1654 Mholanzi Carel Fabritius alichora chiriku mmoja kwenye ubao wenye urefu wa sentimita 33 hivi. Tundu la kumfungia halipo. Ndege katua juu ya kisanduku cha chakula kilichopigiliwa ukutani, mguuni ana mnyororo mwembamba ambao ukipita haraka huuoni. Pale anapokula ndipo alipofungiwa. Enzi hizo chiriku hao walifundishwa hata kujichotea maji kwa kindoo kidogo, watu wakafurahi. (Fabritius mwenyewe alikufa mwaka huohuo, ghala la baruti lilipolipuka mjini Delft.)

Kutoroka nako si lazima kuwe uhuru. Katika picha nyingi za Uholanzi za karne hiyo, tundu tupu na ndege aliyeruka vilimaanisha binti aliyepoteza ubikira.

Mmarekani Paul Laurence Dunbar, ambaye wazazi wake waliwahi kuwa watumwa, alimpa ndege aliyefungwa sauti katika shairi la mwaka 1899: anapiga mabawa kwenye nondo za tundu mpaka anatoka damu, na anachoimba ni dua, si furaha.

Mchoraji wa Mwanza hahitaji hata nondo. Aende mwaloni Kirumba, wanaposhushia samaki, awatazame kongoti, wale korongo wakubwa, vipara vimeinama, wanasubiri matumbo ya sangara katikati ya miguu ya wachukuzi. Hakuna aliyewafunga, na ziwa lote liko mbele yao. Hapo kinachoshika ni tumbo. Lakini akimweka furukombe, yule tai mla samaki, tunduni, maana inageuka kabisa, kwa sababu huyo tunamjua kwa kujivulia samaki mwenyewe. Mtazamaji atauliza mara moja ni nani aliyemfungia.