Umeme wa Shambani: Kenya na Afrika Kusini Zikilinganishwa kwa Gesijoto

Kenya ikiwekwa kando ya Afrika Kusini katika jedwali la gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, zitokanazo na umeme wa kilimo, huonekana safi mno. Ndivyo ilivyo, ila tarakimu hiyo moja imebeba mambo mawili: umeme umezalishwa vipi, na wakulima wameutumia kiasi gani. Asiyeyatenganisha ataisifu nchi kwa sababu tu wakulima wake hawajafikiwa na nyaya.

Anza na yuniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa. Takribani asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye jotoardhi ya Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana na vyanzo vingine visivyochoma mafuta. Afrika Kusini huchoma makaa ya mawe kwa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake, hasa mkoani Mpumalanga, na kila yuniti huacha hewani karibu kilo 0.9 za kabonidioksidi au zaidi. Kwa mfano ufuatao, Kenya tuipe kilo 0.1, si sifuri, maana mitambo ya mafuta huwashwa jioni mahitaji yanapopanda, na mvuke wa ardhini nao hutoka na gesi kidogo.

Pampu inavuta maji kutoka kina cha mita 50 kumwagilia hekta moja, mita za ujazo 6,000 kwa msimu. Kuinua mita moja ya ujazo kwa mita moja huhitaji yuniti 0.002725. Zidisha kwa 50, kisha gawanya kwa 0.5 kwa kuwa pampu na mota kwa pamoja hupoteza nusu ya nguvu: ni yuniti 0.27 kwa kila mita ya ujazo, au takribani 1,635 kwa msimu. Nchini Kenya hizo ni kilo 164 za gesi. Afrika Kusini ni kilo 1,470. Maji ni yaleyale, pampu ni ileile.

Usiishie kwenye mita ya shamba. Katika gridi ya Kenya, yaani mtandao wa nyaya za umeme, zaidi ya asilimia 20 ya umeme hupotea kabla ya kumfikia mteja, kwa hiyo kila yuniti inayotumika imedai angalau 1.25 kuzalishwa. Ukihesabu upotevu huo kwa nchi moja na kuuacha kwa nyingine, ulinganisho umeharibika. Hali ni hiyohiyo kwa vipimo: gigawati-saa moja (yuniti milioni moja) ni terajuli 3.6, kipimo kingine cha nishati, na jedwali linalochanganya vipimo hivyo hukosea karibu mara nne.

Kosa gumu zaidi kuliona limo kwenye rekodi. Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, ina bei maalumu za mashambani kama Ruraflex na Landrate, hivyo yuniti za wakulima ni rahisi kuzitenga. Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme Kenya, huwagawa wateja kwa kiwango cha matumizi na cha volteji. Shamba la maua la Naivasha lenye vyumba vya baridi linaweza kuhesabiwa pamoja na viwanda, na mwenye kisima cha nyumbani anayemwagilia sukuma akahesabiwa kama mteja wa nyumbani. Wala usiutafute umeme huu kwenye safu ya kilimo ya ripoti ya taifa ya gesijoto. Kwa utaratibu wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, gesi yake huandikwa chini ya nishati, kwenye mtambo ulikozalishwa. Safu ya kilimo ni ya mifugo, samadi, mpunga na udongo.

Halafu kuna dizeli. Lita moja ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za kabonidioksidi. Pampu ya dizeli inayogeuza asilimia 20 tu ya nguvu ya mafuta kuwa kazi ya kuinua maji itahitaji lita 400 hivi kwa hekta ileile, sawa na kilo 1,100. Mkulima wa Kenya akihama kutoka dizeli kwenda gridi, gesi za umeme wa kilimo zitapanda jedwalini ilhali uchafuzi wa shamba lake umeshuka mara kadhaa. Ndiyo maana safu ya dizeli ya shambani lazima iwekwe kando ya ile ya umeme, kwa nchi zote mbili na kwa mwaka uleule.