Hofu ya madeni huanza kupungua hesabu inapoandikwa

Wengi wanaofika kwetu kupata ushauri nasaha hawaji wakisema wana tatizo la pesa. Wanasema hawalali, au kichwa hakiachi kuuma, au wamekuwa wakali nyumbani bila sababu. Mazungumzo yakinoga ndipo deni linapojitokeza, na mara nyingi si moja: yako matatu au manne, na la mwisho lilikopwa ili kulipa la kwanza. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye deni anajua kwamba matanga yenyewe huanza mapema, hata tarehe ya marejesho haijafika.

Mwili nao una sehemu yake. Ujumbe wa mkopeshaji ukiingia, ubongo huupokea kama hatari nyingine yoyote: homoni za msongo zinapanda, adrenalini kwanza, kisha kotisoli, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linavurugika. Hatari ya kawaida ikipita, mwili hutulia. Deni halipiti kwa dakika chache. Linakaa miezi, mwili unabaki macho, na usingizi ndio huwa wa kwanza kuharibika.

Akili pia huelemewa. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wakulima wa miwa nchini India. Wakulima walewale walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, wakiwa wamekaukiwa, kisha wakapimwa tena baada ya kuvuna na kupata pesa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Nautaja kwa sababu nimechoka kusikia watu wenye madeni wakiitwa wazembe au wajinga. Mtu anayepiga hesabu ileile kichwani kutwa nzima hubakiwa na nafasi ndogo ya kufikiria mengine, na hapo ndipo mkopo mwingine wa haraka unapoonekana kama wokovu.

Kinachoikuza hofu hii kuliko yote ni kukwepa. Simu inazimwa sauti na kulazwa kifudifudi mezani. Namba ngeni haipokelewi. Salio haliangaliwi. Kila ukikwepa unapata nafuu ya dakika moja, na nafuu hiyo inaufundisha ubongo kwamba kukwepa ndiko kunakookoa, kwa hiyo kesho itakuwa vigumu zaidi kuangalia. Huku nyuma riba haijalala. Mkopo wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ikiwa riba inajumlishwa kwenye deni na hulipi kitu, baada ya miezi 12 unakuwa zaidi ya mara tatu ya ulichokopa.

Ndiyo maana siku ya kwanza hatumwambii mtu alipe chochote. Tunakaa naye, tunafungua ujumbe mmoja mmoja kuanzia wa zamani, na yeye anaandika kwa mkono wake: nani anadai, kiasi gani kimebaki, riba ni kiasi gani, tarehe ya kulipa ni lini. Watu hutetemeka wakifungua ujumbe wa kwanza. Wakifika wa tano wameanza kubishana na tarakimu: hii penalti imetoka wapi, mbona hili nilikwisha kulilipa? Jumla inayopatikana wakati mwingine ni kubwa kuliko walivyodhani, na bado wanasema wamepata nafuu, kwa kuwa sasa wanajua wanapambana na nini.

Lipi lianze kulipwa? Wataalamu wa fedha watakwambia lenye riba kubwa, na kwa hesabu wako sahihi. Ila kuna jambo la kuzingatia. Utafiti wa Singapore uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia watu wa kipato cha chini waliolipiwa madeni na shirika la hisani. Wasiwasi wao ulipungua na uwezo wao wa kufikiri ukaongezeka, na kilicholeta tofauti zaidi ni idadi ya madeni yaliyofungwa kabisa. Kwa hiyo kama kuna deni dogo unaloweza kulimaliza mwezi huu, limalize, kisha nguvu zote zielekee kwenye lenye riba kali.

Na kama kipato hakitoshi hata ukibana matumizi yote? Hapo bajeti peke yake haina msaada, na ni afadhali tuseme wazi. Zungumza na mkopeshaji kabla ya tarehe kupita, si baada. Omba kuongezewa muda, kupunguziwa marejesho ya kila mwezi au kusimamishiwa penalti. Taja kiasi unachoweza kweli, kwa sababu ahadi iliyovunjwa inakuharibia kuliko ombi dogo. Mkikubaliana, pata maandishi. Akikutukana au kukutisha, tunza ujumbe wake wote, maana huo ni ushahidi.

Hofu ya kufungwa jela huwatesa wengi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 11, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa kimkataba. Udanganyifu au kukaidi amri ya mahakama ni suala jingine, na sheria za nchi hutofautiana, hivyo ukipokea wito wa mahakama usiukalie. Tafuta msaada wa kisheria.

Usiku una dawa yake. Chagua nusu saa mchana, mahali palepale, iwe ndiyo saa yako ya kuwaza pesa. Wazo likija saa nane usiku, liandike neno moja na uliahirishe hadi saa hiyo. Kabla ya kulala, andika kwa dakika tano mambo ya kufanya kesho. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliona walioandika hivyo walisinzia mapema kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyafanya. Pombe husinzisha, lakini hukatiza usingizi baadaye.

Mwambie pia mtu mmoja unayemwamini, na kama una mwenzi, yeye awe wa kwanza. Atakasirika, pengine sana. Akiligundua mwenyewe atakasirikia deni na atakasirikia kufichwa.

Huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi karibu kila siku, au ukishindwa kula na kufanya kazi, nenda kituo cha afya. Ukipata mawazo ya kujiua, nenda siku hiyohiyo na usibaki peke yako. Na kama ni mwingine ndiye anayesema amechoka kuishi kwa sababu ya madeni, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Msikilize bila kumhubiria, kaa naye, na mfuatane hadi kwa mhudumu wa afya.