Mwenye vitunguu na mwenye mshahara

Wanaoniletea madai ya meli ofisini kwangu hapa Mombasa ni wa namna mbili. Mmoja huja na faili nene ya ankara za vitu alivyoiuzia meli: vitunguu, nyama, rangi, kamba, kila karatasi ina sahihi ya nahodha na muhuri wa meli. Mwingine ni baharia, na pengine hana ila mkataba uliokunjwa mara nne. Wa kwanza huingia kifua mbele. Mbele ya sheria, mwenye nguvu ni wa pili.

Kesi za meli nchini Kenya husikilizwa na Mahakama Kuu kwa kifungu cha 4 cha Judicature Act (Sura ya 8), sheria ya mamlaka ya mahakama, kinachotuelekeza kwenye sheria ya Uingereza. Kwa sheria hiyo mshahara wa baharia huzaa lieni, yaani dai linaloishika meli yenyewe. Iuzwe, ibadilishwe jina na bendera, deni limo humo, hata kama mnunuzi hakujua lolote. Meli ikipigwa mnada, baharia hulipwa kabla ya benki yenye rehani.

Muuza vitunguu hana lieni. Anaweza kuomba meli ikamatwe, lakini dai lake huishika siku anayofungua kesi, si siku aliyopeleka mzigo. Meli ikiuzwa Jumatatu naye akafungua Jumanne, amechelewa. Tena lazima mdaiwa awe ndiye mwenye meli, au aliyeikodi tupu na kuiendesha kama yake. Mara nyingi aliyeagiza ni kampuni iliyoikodi kwa miezi michache tu, na hapo meli haikamatiki.  

Marekani ni tofauti: huko muuza vifaa na fundi wana lieni. Ila lieni hiyo haivuki mipaka vizuri. Meli Halcyon Isle ilitengenezwa New York, ikakamatwa Singapore, na mwaka 1980 majaji wa Privy Council, mahakama ya rufani ya London, watatu kwa wawili, wakaamua kuwa lieni hupimwa kwa sheria ya mahakama inayosikiliza kesi. Benki ikamtangulia fundi.

Fundi wa kwetu ana ngao moja: chombo kikiwa bado gudini mwake, asikiachie hadi alipwe. Kikishatoka mikononi mwake, ngao imeanguka.

Kwa hiyo mwenye faili simuulizi kwanza anadai kiasi gani. Namuuliza nani aliagiza, na meli iko wapi sasa hivi. Hapo hutoa simu, akafungua ramani ya kufuatilia meli, kumbe imeshapita Lamu.