"Usirushe Usichoweza Kupoteza": Maana ya Kanuni ya Kwanza ya EVE Online

Anayeanza kucheza gemu ya EVE Online huambiwa mengi, lakini kuna sentensi moja atakayoisikia kabla hajajua hata kugeuza chombo chake cha anga: usirushe usichoweza kupoteza. Wakongwe huitamka kama salamu. Mgeni huitikia "sawa" na kuendelea na mambo yake, kwa sababu inafanana na yale maneno ya mama mtu anapotoka nyumbani: uwe mwangalifu, usichelewe. Mimi pia niliielewa hivyo mara ya kwanza, na nilikosea. Sentensi hiyo haizungumzii uangalifu. Inazungumzia hesabu ya pesa.

Nenda barabara ya Tom Mboya, Nairobi, jioni, saa ambazo watu wametoka kazini. Mchuuzi ametandaza turubai kando ya njia, juu yake soksi, chaja na vifuniko vya simu. Kwenye pembe za turubai amefunga kamba. Kanjo, wale askari wa jiji, wakitokea, anazivuta, turubai linageuka gunia, na kabla hujapepesa macho ameshaingia uchochoroni. Siku nyingine hawahi. Mzigo unakwenda. Lakini ukimuuliza, atakuambia kwamba pale chini hakuweka mali yake yote; kuna nyingine imebaki kwa mwenzake mwenye kibanda, na kesho atatandaza tena. Hasara ile aliipigia hesabu kabla hajatandaza.

Kung'oa nanga katika EVE ni kutandaza turubai.

Kwa asiyeijua: hii ni gemu ya anga za juu iliyotengenezwa na kampuni ya CCP ya Reykjavik, Iceland, na watu wanaicheza tangu Mei 2003. Ukiwatoa wachezaji wa China, wenye seva yao, wengine wote duniani wanaishi katika ulimwengu mmoja uitwao New Eden, wenye mifumo ya jua zaidi ya 7,000. Unayekutana naye kwenye lango la kuvukia kutoka mfumo mmoja hadi mwingine anaweza kuwa amekaa Warsaw au Pipeline, hapa Nairobi. Tangu Novemba 2016 unaweza kuicheza bila kulipa, ingawa asiyelipa ana mipaka ya ujuzi anaoweza kujifunza. Na karibu kila chombo unachokiona kimeundwa na mchezaji, kwa madini yaliyochimbwa na wachezaji, kikauzwa sokoni kwa sarafu ya humo, ISK.

Katika gemu nyingi ukifa unaamka palepale na upanga wako mkononi. Hapa chombo kikilipuka, kimelipuka. Bunduki, ngao na shehena vilivyokuwa ndani, kila kimoja kina nafasi kama nusu kwa nusu ya kuteketea au kubaki kwenye mabaki, na hicho kilichobaki huokotwa na yeyote atakayefika kwanza, ambaye kwa kawaida ni aliyekulipua. Wewe unabaki ndani ya kapsuli, kiyai kidogo kisicho na silaha. Kapsuli nayo ikipigwa, unaamka katika mwili mwingine kwenye kituo chako cha nyumbani. Ujuzi uliojifunza haupotei. Pesa zilizo kwenye akaunti hazipotei. Mali uliyoiacha ghalani iko palepale. Kilichokwenda ni ulichotoka nacho tu, na hilo "tu" ndilo kanuni yenyewe.

Mtoto wa shangazi yangu, anayeishi Umoja, alijifunza hili wiki yake ya tatu. Alikuwa amechimba madini kwa bidii akauza, akatoka na akiba nzuri. Akaenda Jita, lile soko kuu ambalo ni Gikomba ya New Eden, akatumia akiba yake yote, yaani yote, kununua bidhaa za kwenda kuuza mbali. Akazipakia kwenye Badger, chombo cha mizigo kisicho na ubavu wa kustahimili kipigo. Akawasha rubani wa kujiendesha, akaenda jikoni kusonga ugali. Aliporudi na sahani, kioo kilikuwa kinaonyesha kapsuli ikielea peke yake gizani. Akanipigia simu.

"Brathe, si ulisema huku kuna polisi?"

"Wako."

"Mbona hawakuja?"

"Walikuja. Angalia vizuri, walikuja."

Akanyamaza kidogo. "Walikuja baada," akasema.

Walikuja baada. Hiyo ndiyo kazi yao. Kila mfumo wa jua una alama ya usalama, kutoka 1.0 kushuka hadi 0.0 na chini ya hapo. Kuanzia 0.5 kwenda juu ni maeneo ya usalama wa juu, ambako kuna polisi waitwao CONCORD. Wageni husikia "usalama wa juu" na kudhani hapo hawawezi kupigwa. CONCORD hawazuii mtu kukupiga. Wao humwadhibu aliyekupiga, na adhabu haikosi: chombo chake kitateketezwa, lazima. Ila wanafika baada ya sekunde kadhaa, upesi kwenye 1.0, taratibu zaidi kwenye 0.5. Katika sekunde hizo kuna maisha ya Badger na chenji inabaki.

Hapa ndipo kanuni inapokuwa tamu, kwa sababu hata mvamizi anaifuata, tena kukuzidi wewe. Anakuja na Catalyst, kichombo cha bei nafuu chenye bunduki nyingi. Anajua kitakufa. Bei yake ameshaiandika kwenye safu ya matumizi kabla hajatoka kituoni. Mwenzake amekaa langoni na kifaa cha kuchungulia shehena, anawapima wapitao mmoja mmoja: huyu amebeba takataka, mwache; huyu amebeba mali, na nusu ya mali hiyo inashinda gharama ya Catalyst tatu. Twende. Hakuna chuki hapo. Uedama, mfumo wa 0.5 wenye njia inayopitwa na wengi, una sifa mbaya kwa ajili hiyo. Mtoto wa shangazi hakuvamiwa kwa sababu ni mgeni. Alivamiwa kwa sababu shehena yake ilikuwa inalipa.

Na ule urubani wa kujiendesha ulimaliza kazi. Ukiendesha mwenyewe unaweza kuruka hadi mlangoni kabisa pa lango na kupenya. Rubani wa kujiendesha hukushusha mbali kidogo, kisha chombo kinajikokota kuelekea langoni kama mkokoteni wa maji unaopanda mlima. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mtu anayechungulia shehena.

Basi "kupoteza" katika sentensi ile maana yake si huzuni. Maana yake ni uwezo wa kununua tena. Swali la kujiuliza mbele ya mlango wa kituo ni hili: kikilipuka sasa hivi, pamoja na kila kilichofungwa juu yake, je, nitanunua kingine nikaendelea na jioni yangu? Kama jibu ni ndiyo, toka. Kama jibu ni "itabidi nianze upya", hicho si chako bado, hata kama jina lako limeandikwa juu yake. Kipimo changu mimi ni tatu: nikiwa na ISK za kununua viwili vingine kama hicho, nakitoa ghalani. Wengine huweka kumi. Asiye na chochote naye hajakwama, kwa sababu kituo humpa kichombo cha wanaoanza, bure.

Bima ipo, na kwa vyombo vya kawaida ikate, ni rahisi. Lakini soma vizuri inalipia nini. Inalipia gamba la chombo, si bunduki wala ngao ulizofunga, na shehena ndiyo haihusiki kabisa. Mgeni anayesema "nina bima" huku amebeba mali ya akiba yake yote hana bima ya kitu.

Kuna watu hujaribu kuizunguka kanuni kwa pesa halisi. Inawezekana: unanunua PLEX kwa fedha za kweli, unaiuza sokoni kwa ISK, jioni ileile uko ndani ya meli ya kivita ambayo hujui hata vitufe vyake. Haitadumu. Chombo kilichonunuliwa kwa mshahara hulipuka sawasawa na kilichonunuliwa kwa madini, na sasa umepoteza kodi ya nyumba. Usifanye hivyo mwezi wa kwanza. Kwa kweli usifanye hivyo hata wa pili.

Sisi wa Nairobi tuna sababu zetu za ziada. Stima ikipotea ukiwa angani, gemu haikusubiri. Kama hakuna aliyekushika, chombo chako huruka chenyewe kwenda mahali pa mbali na baada ya muda mfupi hutoweka. Lakini kama ulikuwa umeshapigana na mchezaji mwingine, kinabaki angani hadi dakika 15, kimesimama, wewe ukitafuta mshumaa. Ndiyo maana jioni za mvua sitoi chochote cha maana. (Seva yenyewe huzimwa kwa muda mfupi kila siku saa 11:00 kwa saa ya gemu. Hiyo kwetu ni saa nane mchana, si saa tano. Nimeshawaona watu wakikosa miadi ya vita kwa sababu ya hesabu hiyo.)

Mtandao, kwa upande mwingine, tuuache upumzike. Wengi hapa wakilipuliwa husema ni intaneti, na katika gemu za bunduki au za mpira huenda wana haki, maana data inakwenda London na kurudi kwa nyaya za chini ya bahari zinazotua Mombasa. EVE huhesabu matukio yake kwa mapigo ya sekunde moja. Ucheleweshaji wa sehemu ndogo ya sekunde, ambao ndio wetu siku za kawaida, haukunyimi sana. Siku nyaya zikikatika, kama Mei 2024 zilipokatika EASSy na Seacom, hayo ni mengine. Jumanne ya kawaida ukilipuliwa, umelipuliwa.

Kanuni hii haiishi kwa wageni. Januari 2014, katika mfumo uitwao B-R5RB, muungano mmoja wa wachezaji ulishindwa kulipa ada ya kumiliki eneo lake, adui wakaingia, na vita vikachukua kama saa 21. Zaidi ya wachezaji 7,000 walihusika, na Titan 75, vyombo vikubwa kuliko vyote, viliteketea. Ukigeuza hasara yote kwa bei ya PLEX, ilikadiriwa kufika dola 300,000 za Marekani. CCP waliacha mabaki ya Titan pale angani yawe kumbukumbu, na watu hadi leo husafiri kwenda kuyatazama. Lililo muhimu kwa somo letu ni kwamba miungano ile haikufa usiku huo. Ilikuwa na viwanda, ghala na watu wa kuunda vingine. Ilirusha vilivyoweza kupotea, ingawa vilikuwa vya kutisha.

Hapo pia utaona kwa nini kujiunga na kampuni ya wachezaji, yaani kikundi chao ndani ya gemu, hubadilisha maana ya sentensi. Kampuni nyingi zina utaratibu wa fidia: ukipoteza chombo kwenye msafara wao, ukiwa umekifunga vifaa walivyoagiza, wanakulipa kingine. Kilichokuwa "siwezi kukipoteza" jana kinakuwa "naweza" leo bila akaunti yako kuongezeka hata senti. EVE University, ambayo inafundisha wageni tangu 2004, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kosa la upande wa pili ndilo linaloniudhi zaidi. Kuna mtu huisikia kanuni hii akaisoma kuwa amri ya kukaa kituoni. Anahesabu ISK zake, anapamba vyombo vyake, anavizungusha ghalani kama mtu anayeosha gari asilokuwa na nia ya kuliendesha, na baada ya mwezi anasema gemu inachosha. Huyo naye hakuielewa. Sentensi inakukataza kurusha usichoweza kupoteza. Vile unavyoweza kuvipoteza vyote vimeruhusiwa, na vingi kati ya hivyo inafaa vipotee, kwa kuwa kupigana hakusomwi kitabuni.

Mtoto wa shangazi alikasirika siku mbili. Ya tatu akachimba tena kidogo, akanunua Merlin tano, vichombo vya kivita vya bei ya chini, zote zikiwa zimefungwa vifaa sawasawa, akazipanga ghalani. Jumamosi nilikwenda kwake. Alikuwa amevaa vipokea sauti, anaingia mfumo wa 0.4 ambako polisi hawapo kabisa, anacheka peke yake.

"Umebakiwa na ngapi?" nikamuuliza.

Hakugeuka. "Mbili," akasema. "Subiri. Moja."