Akilalamikiwa muuguzi, leseni haiondoki siku hiyohiyo

Wengi wanaamini hivi: ndugu wa mgonjwa akipeleka malalamiko kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, muuguzi kwishnei. Sivyo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Ajira ni ya mwajiri. Leseni ni ya Baraza, kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Unaweza kupoteza kimoja ukabaki na kingine. Malalamiko ya lugha chafu wodini mara nyingi huishia kwa muuguzi mfawidhi, yaani msimamizi wa wauguzi. Yakifika Barazani, malalamiko huchunguzwa, na muuguzi hupewa nafasi ya kujieleza kabla ya uamuzi. Adhabu nazo zina ngazi: onyo, kusimamishwa kwa muda, na kufutwa kwenye rejista kwa makosa mazito.

Kinachombeba au kumwangusha muuguzi ni faili la mgonjwa. Chukua mjamzito mwenye presha 160/110, ya hatari, usiku. Muuguzi mmoja ameandika: “Saa 8:10 usiku, daktari wa zamu amepigiwa simu, amesema anakuja. Saa 8:25 amepigiwa tena.” Mwingine ameandika “mgonjwa anaendelea vizuri”, basi. Wote huenda walipiga simu, ila wa pili atathibitisha vipi?

Halafu kuna kauli. Kwa niliyoyaona, malalamiko mengi huanza na ndugu aliyeuliza mara tatu bila kujibiwa, wala si sindano iliyokosewa. “Mama, dripu imechelewa, nakuja baada ya kitanda cha tano” haichukui hata sekunde kumi.