Soseji ya kuku iliyopikwa kiwandani bado inataka friji

Hapa Moshi wengi huamini kwamba soseji za kuku zikishapikwa kiwandani, pakiti iliyofunguliwa inaweza kulala kabatini mpaka asubuhi. Si kweli, na watoto ndio huumia. Moto wa kiwandani huua bakteria waliokuwemo wakati ule tu. Ukishafungua, mikono na kisu huingiza wengine, nao huzaliana upesi kati ya nyuzijoto 5 na 60. Bakteria aitwaye Listeria ni hatari zaidi: hukua hata ndani ya friji, na mjamzito anaweza kupoteza mimba. Kwa hiyo ukienda soko la Mbuyuni, soseji zinunue mwisho, zisikae muda mrefu kwenye joto kabla ya kufika frijini. Asubuhi, chai ikichemka, zikaange mpaka katikati zitoe mvuke, nyuzijoto 74. Uwaridi wa ndani usikutishe. Mara nyingi ni naitraiti, chumvi ya kuhifadhia nyama, si ubichi.