Kiti cha Pilates chenye springi: maswali mnayoniuliza kila wiki

Ninafanya kazi ya fiziotherapia, na jioni nafundisha Pilates, yaani mazoezi ya polepole ya kujenga misuli na mkao. Tangu tulipoongeza kiti cha pili cha springi pale darasani, maswali yamekuwa mengi kuliko muda wa kuyajibu mlangoni, watu wakivaa viatu waondoke. Nimeyakusanya hapa, nayajibu kwa utulivu.

Hiki kiti ni kitu gani hasa, na kimetoka wapi?

Ukikiona mara ya kwanza utadhani ni kasha la mbao lililowekewa mto. Juu unakalia au unasimama, mbele kwa chini kuna pedali, na pedali hiyo imefungwa springi zinazoivuta irudi juu kila unapoikandamiza. Hakitumii umeme, hakina vyuma vya kupanga, na nafasi kinayokula ni kama ya meza ndogo.

Aliyekibuni ni Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa Mönchengladbach mwaka 1883. Utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa, pumu upande mmoja na matege upande mwingine, akaanza kuushughulikia mwili wake mwenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walimweka kizuizini, akakaa muda mrefu kambini katika kisiwa cha Man. Mwaka 1926 akahamia New York, na huko yeye na mwenzake Clara wakaendesha chumba cha mazoezi kilichopendwa sana na wacheza dansi. Alifariki mwaka 1967. Nyumba za New York zimebanana, na kiti hiki alikitengeneza kiweze kugeuzwa mazoezi yakiisha, kikae sebuleni kama kiti cha kawaida.

Mazoezi yake hakuyaita Pilates. Aliyaita Contrology, kwa maana ya kuutawala mwili. Nalitaja jina hilo kwa sababu kwenye kiti ndipo utagundua kama unautawala mwili wako au unaburuzwa nao.

Springi nzito maana yake zoezi gumu, si ndiyo?

Hapana, na hili ndilo ninalotamani kila mtu alielewe kabla hajagusa pedali.

Springi kazi yake ni moja tu: kuisukuma pedali irudi juu. Ukiwa umekaa ukaikandamiza kwa mguu, unashindana nayo, kwa hiyo springi nzito inakuongezea kazi. Hapo dhana yako ni sahihi. Lakini sasa simama juu ya pedali, uelekee kiti, shika sehemu ya kukalia kwa mikono miwili, kisha inua makalio juu huku pedali ikipanda pamoja nawe. Safari hii springi inakusukuma kwenda kule kule unakotaka kwenda. Ikiwa nzito, inakubeba. Ikiwa nyepesi, tumbo na mabega yako ndiyo yanayobeba karibu uzito wote. Watu wenye nguvu huingia darasani wakaomba nipunguze springi kwa kuogopa uzito, wakajikuta wananing'inia pale bila kupanda hata inchi moja.

Kwa hiyo kabla ya kila zoezi jiulize: hii springi inanipinga au inanibeba? Anayeanza apewe ya kati kwenye mazoezi ya kupingwa, na nzito kwenye mazoezi ya kubebwa.

Jambo la pili: springi haifanani na jiwe la uzani. Jiwe la kilo tano ni kilo tano mwanzo hadi mwisho. Springi kadiri inavyovutika ndivyo inavyozidi kuwa nzito, hivyo chini kabisa ndiko inakokudai zaidi. Halafu inaanza kutaka kurudi kwa kasi, na hapo wengi huiachia.

Nianzie zoezi gani?

Anza kwa kukandamiza ukiwa umekaa. Linaonekana la kitoto, lakini mimi mwenyewe bado naanzia hapo.

Kaa karibu na ukingo wa mbele, ukiwa juu ya ile mifupa miwili ya makalio, usiikalie kifandugu. Hakuna mgongo wa kuegemea, na hiyo ndiyo faida yake: kiwiliwili chote kinalazimika kujishikilia. Weka miguu yote miwili kwenye pedali, sehemu nene chini ya vidole, visigino vimeinuka kidogo na vimetulia. Mikono ivuke mbele ya kifua. Vuta pumzi hadi uhisi mbavu zinatanuka kwa pembeni. Kisha toa pumzi ukishusha pedali kwa hesabu ya tatu, magoti yakifuata mstari wa kidole cha pili cha mguu. Usiishushe mpaka makalio yakaanza kujikunja na kiuno kikapinda. Simama hapo punde, halafu vuta pumzi ukiirudisha kwa hesabu ya nne au tano.

Sasa sikiliza. Pedali ikirudi juu kimya, umeiongoza. Ikigonga, uliiachia, na misuli haikufanya ile kazi ya kurefuka huku imeshikilia, kazi ambayo unaihitaji unaposhuka ngazi au unapomlaza mtoto kitandani bila kumwamsha. Darasani siangalii sana nani ameshusha chini zaidi. Nasikiliza milio. Mara nyingi mlio unaanza kwenye mzunguko wa saba au wa nane, na hapo huwa nasimamisha zoezi hata kama mtu bado anasema anaweza.

Nane hadi kumi zinatosha. Ukimaliza, geuza nyayo: visigino kwenye pedali, urudie. Utahisi nyuma ya paja inaamka.

Shikamoo. Mama yangu ana miaka 68, ngazi zinamtesa. Kiti kitamfaa?

Marahaba, na umfikishie mama shikamoo yangu. Kitamfaa sana, ila asianze peke yake.

Kuna zoezi la kupanda ambalo kwa watu wa umri wake nalithamini kuliko yote. Mguu mmoja unakanyaga juu ya kiti, mwingine uko kwenye pedali. Anaegemea mbele kidogo, anasukuma kwa mguu wa juu, naye anapanda kama anayepanda kidato. Nikiweka springi nzito, ile pedali chini ya mguu wa nyuma inamsukuma juu taratibu, kama mjukuu anayemshika bibi kiwiko. Wiki zinavyokwenda nampunguzia springi kidogo kidogo, na mwili wake unachukua kazi ambayo springi imeiacha.

Lakini kabla ya kufika huko, wiki chache za mwanzo akae tu na kukandamiza, na atumie kiti chenye vishikio vya pembeni, mtu akiwa karibu naye. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wa miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa sababu kuanguka katika umri huo kunavunja mifupa. Itakuwa vibaya aanguke kwenye zoezi la kumkinga asianguke.

Kama aliwahi kuambiwa mifupa yake imepungua uzito, mwalimu lazima ajue. Mazoezi ya kukunja mgongo mbele kwa nguvu ayaache kabisa, maana pingili dhaifu za uti wa mgongo zinaweza kubonyea. Ya kuunyoosha mgongo na ya kusimama ndiyo yake.

Mgongo wangu wa chini unauma miaka miwili sasa. Pilates itauponya?

Sitakuahidi kuponya. Mwaka 2015 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, walichapisha uchambuzi wao kuhusu Pilates na maumivu ya mgongo wa chini. Walikuta inaweza kupunguza maumivu kuliko kukaa bila tiba ya maana, ila hawakupata ushahidi thabiti kwamba inayashinda mazoezi ya aina nyingine. Ninavyolitafsiri mimi: zoezi bora ni lile utakalolifanya tena wiki ijayo. Kama kiti kinakupendeza kuliko jimu, njoo kwenye kiti.

Ila nenda hospitali leo leo, usingoje darasa, ikiwa maumivu yanaambatana na ganzi kwenye sehemu za siri au ndani ya mapaja, mkojo au choo kukataa au kutoka bila kujizuia, au mguu kuishiwa nguvu. Vilevile maumivu yenye homa, au ya mtu anayekonda bila sababu, au yaliyoanza baada ya kuanguka, yaonwe na daktari kwanza.

Nani mwingine awe mwangalifu?

Mwenye presha ambayo bado haijatulia asifanye mazoezi ya kichwa kuelekea chini, na asibane pumzi hata mara moja. Mwenye presha ya macho naye aache yale ya kichwa chini, kwa kuwa mkao huo unapandisha presha ndani ya jicho. Aliyefanyiwa upasuaji, ukiwemo wa kujifungua, asubiri ruhusa ya anayemtibu, na akirudi aanze upya kama mgeni.

Mjamzito mwenye afya njema anaweza kuendelea kukandamiza akiwa amekaa, mradi wahudumu wa kliniki wamekubali. Kusimama juu ya kiti hapana. Tumbo linavyokua linahamisha uzito wa mwili kwenda mbele, na usawa uliouzoea unabadilika.

Kitanipunguza kitambi?

Peke yake, kidogo. Kinajenga misuli na mkao, lakini moyo unahitaji kutembea haraka, kuogelea, baiskeli. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kadiri ya namna hiyo, na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Kiti kihesabie kwenye zile siku mbili.

Bei yake imenishinda. Naweza kumpa fundi wa kuchomelea anitengenezee?

Nakuomba usifanye hivyo. Fremu fundi mzuri ataiweza, tatizo ni springi. Za pikipiki zimetengenezwa kubanwa, za kiti hiki zimetengenezwa kuvutwa, maelfu kwa maelfu ya mara, na uzito wake umepimwa. Springi ikikatika mtu akiwa amesimama juu ya pedali, anaanguka, na kipande cha chuma hakijulikani kitaruka wapi.

Hata kwa kiti halisi, kabla ya kila somo napitisha macho kwenye springi moja moja nikitafuta kutu, mkunjo, au pengo kati ya duara na duara wakati haijavutwa. Yenye pengo imechoka, itolewe. Ninyi wa Dar, Mombasa, Tanga na Unguja mfanye hivyo kwa bidii zaidi, hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Kwenye sakafu ya vigae tandika mpira chini, na panda miguu mitupu au na soksi zenye vinundu vya mpira. Vidole vya mkono visikaribie springi wala chini ya pedali, na watoto wasicheze hapo. Ukishuka, usiruke. Weka uzito kwenye mguu ulioko sakafuni, iongoze pedali mpaka juu, ndipo uiachie.

Ukisubiri kukipata, tumia kiti cha kawaida kisichoyumba, ukikiegemeza ukutani. Simama na kukaa bila kushika popote: kusimama hesabu tatu, kukaa hesabu tano, mara nane, siku tatu kwa wiki. Makalio yakitua kwa kishindo, rudia polepole zaidi.